Kamera Mpya: Sifa Huvuja, Bei Hufichwa

Fujifilm walipoizindua X-E5 mwezi Juni 2025, wapenzi wa kamera hawakushtushwa na umbo wala uwezo wake. Sensa ya megapikseli 40 walishaizoea kwenye X-T5 na X100VI. Mfumo wa kuzuia mtikisiko ndani ya bodi ulikuwa ukisubiriwa muda mrefu. Ule ubapa wake wa kizamani, wa kamera inayoingia mfuko wa koti, ndio ulioijengea jina familia nzima ya X-E. Kilichowaacha watu midomo wazi ni bei. Iliyoitangulia, X-E4, ilitoka Januari 2021 kwa dola 850 za Marekani bila lenzi. X-E5 ikaja kwa dola 1,700. Mara mbili kamili, ndani ya miaka minne na ushei.

Msomaji anayefuatilia tetesi za usajili wa Simba na Yanga anaujua mchezo huu. Dirisha halijafunguliwa, mchezaji bado yuko kwao, lakini vijiweni ameshavishwa jezi na kupangiwa namba. Anacheza upande gani, anatumia mguu upi, anaruka vipi kupiga kichwa: hayo watu huyapatia. Kiasi kilicholipwa ndicho kinachobaki kwenye mkoba wa viongozi. Kwenye kamera mambo ni yaleyale, na kuna sababu zake.

Kwanza, sifa za kamera hazina pa kujificha. Kamera ya leo ina waifai na bluetuthi, kwa hiyo ni chombo cha mawasiliano ya redio machoni pa sheria, na lazima isajiliwe kwa mamlaka za mawasiliano kabla haijaingia sokoni. Marekani, Korea Kusini, Taiwan na Indonesia zina daftari ambazo mtu yeyote anaweza kuzipekua. Jina la biashara halimo, ila namba ya siri ya kiwanda imo. Za Sony huanza na herufi WW. Humo wabashiri huokota vitu vidogo vidogo: masafa ya waifai, aina ya betri, nchi inakounganishwa. Betri ikiwa ileile ya zamani, bodi nayo haitatofautiana sana kwa ukubwa. Ikiwa mpya, kuna kitu ndani kinachokula umeme zaidi, na mara nyingi kitu hicho ni video.

Pili, wanaotengeneza sensa duniani ni wachache. Kampuni ya Sony haitengenezi sensa za kamera zake tu. Inawauzia pia Nikon, Fujifilm na wengine. Sensa ikionekana kwa mmoja, jirani naye huenda akawa nayo baada ya mwaka au miwili. Mwenye kumbukumbu nzuri na daftari la tarehe anaweza kubashiri nusu ya sifa za kamera ijayo bila kuhonga mtu kiwandani.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa Canon EOS R5. Mwishoni mwa Januari 2020 zilienea tetesi kwamba Canon wanaandaa kamera ya megapikseli 45, inayorekodi video ya 8K na kupiga picha 20 kwa sekunde. Wengi walicheka. Canon wa wakati ule walisifika kwa ubanaji. EOS R yao ya 2018 ilirekodi 4K kwa kukata sehemu kubwa ya ukingo wa picha, jambo lililowaudhi wapiga video kuliko kitu kingine chochote. Ilipofika tarehe 13 Februari, Canon wenyewe wakatoa tangazo la awali na kuitaja 8K kwa jina. Tarehe 9 Julai kamera ikazinduliwa ikiwa na takriban kila kilichosemwa, kwa dola 3,899.

Kilichokosekana kwenye tetesi ni joto. Kwa takwimu za Canon wenyewe, R5 iliweza kurekodi 8K kwa takriban dakika 20, kisha ikahitaji kupumzishwa ipoe. Na dakika hizo 20 zilipimwa kwenye nyuzi joto 23. Mpiga video wa Mombasa au Dar es Salaam anayesimama kwenye maulidi au harusi ya Januari, saa nane mchana, akisoma namba hiyo atajua mara moja kwamba yeye hakuhesabiwa. Mwezi uliofuata sasisho la programu lilipunguza tatizo, na mwaka 2022 Canon wakatoa R5 C, ndugu yake mwenye feni ndani, kwa dola 4,499. Hapo ndipo udhaifu wa orodha ya sifa unapoonekana. Orodha itakwambia kamera inafanya nini, lakini haitakwambia inafanya kwa muda gani, wala baada ya hapo inataka nini.

Bei ni habari nyingine kabisa. Sifa hukamilika kiwandani mwaka mmoja au miwili kabla ya uzinduzi. Bei inaweza kubadilishwa wiki ileile ya uzinduzi, kwa kalamu, kutegemea mpinzani katoa nini na serikali zimeamka na lipi. Oktoba 2021 Nikon walizindua Z9, kamera yao kinara ya kwanza isiyo na kioo cha ndani. Sony A1 ilikuwa sokoni kwa dola 6,498, na D6 ya Nikon wenyewe ilitoka kwa dola 6,500. Aliyepiga hesabu kwa mantiki ya kawaida angeiweka Z9 hapo hapo au juu kidogo. Nikon wakatangaza 5,500. Walikuwa wameondoa shata ya chuma kabisa, wakaacha sensa ifanye kazi yote kwa umeme, na walikuwa na haja ya kuwarudisha waandishi wa picha waliokuwa wanahamia Sony. Shata iliyoondolewa iliwapunguzia gharama. Tofauti iliyobaki ilikuwa gharama ya kuwabembeleza wateja.

Wapo wanaobashiri bei kwa kuangalia yeni. Mantiki yao ni kwamba yeni ikidhoofika, bidhaa ya Kijapani inapaswa kushuka kwa dola. Julai 2024 yeni ilifika kiwango cha chini ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1986, zaidi ya yeni 160 kwa dola moja. Mwezi huohuo Canon wakazindua R5 Mark II. Bei yake: dola 4,299, yaani dola 400 zaidi ya ile ya kwanza, ambayo ilitoka yeni ikiwa na nguvu zaidi. Faida ya yeni dhaifu ilibaki Tokyo.

Halafu likaja suala la ushuru. Aprili 2025 Rais Donald Trump alitangaza ushuru mkubwa kwa bidhaa zinazoingia Marekani: asilimia 24 kwa Japani, 34 kwa Uchina, 36 kwa Thailand. Hizo ndizo nchi tatu ambako sehemu kubwa ya kamera za dunia huunganishwa. Viwango vilishushwa baadaye kwa mazungumzo, Japani ikaishia asilimia 15, lakini bei zilikuwa zimeshaanza safari. Nikon walipandisha zao nchini Marekani kuanzia tarehe 23 Juni. X100VI ya Fujifilm, iliyozinduliwa Februari 2024 kwa dola 1,599, ikafika 1,799 kabla mwaka 2025 haujaisha, na bado wanunuzi walikuwa wanaitafuta. Bei ya Marekani ndiyo inayonukuliwa duniani kote kama bei ya kamera, kwa hiyo uamuzi uliofanywa Washington uligeuka habari ya kila mpiga picha, hata wa nchi ambazo ushuru ule haukuzihusu.

Wabashiri wengi huangalia kileleni. Canon kinara ijayo itakuwa na nini, Nikon watajibu vipi, Sony je? Kileleni, hata hivyo, bei ya uzinduzi haijapanda kwa zaidi ya miaka kumi. Canon EOS-1D X ilitangazwa kwa dola 6,799 na kuingia sokoni 2012. R1 ya Julai 2024, siku chache kabla ya Olimpiki ya Paris, ilikuja kwa 6,299. Nikon D4 ya 2012 ilikuwa dola 6,000. Z9, kama ilivyotajwa, 5,500. Familia zote mbili zimeshuka kwa dola 500, bila hata kuhesabu mfumuko wa bei.

Zinazopanda bei ni zile za chini yake. Sony A7 III ya 2018 ilikuwa dola 2,000. A7 IV ya 2021 ikawa 2,500. A7 V ya Desemba 2025 ikafika 2,900. Ricoh GR III, kamera ndogo ya mfukoni inayopendwa na wapiga picha za mitaani, ilitoka 2019 kwa dola 900. GR IV ya 2025 ikaja kwa 1,500. Na X-E imekwishatajwa.

Chanzo cha kupanda huko ni simu. Kwa mujibu wa CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera chenye makao Tokyo, mwaka 2010 kamera za kidijitali zilizosafirishwa kwenda madukani duniani zilizidi milioni 121. Mwaka 2024 zilikuwa kama milioni 8.5. Mengi ya mamilioni yaliyopotea ni yale ya kamera ndogo za bei nafuu, zile ambazo kila nyumba yenye uwezo ilikuwa na moja ndani ya kabati kwa ajili ya sikukuu. Simu ilizimeza karibu zote. Waliobaki kununua kamera ni watu wanaoitaka kweli, na kiwanda kinajua kwamba mtu anayeitaka kweli atajikamua. Kileleni kuna mashirika ya habari yanayonunua kwa mafungu na yenye uwezo wa kumwacha Canon kesho yakahamia Sony. Hayo hayagusiki kirahisi.

Huko chini, kubashiri sifa kunageuka kichwa chini miguu juu: swali huwa ni wataondoa nini. Canon R100 ya Mei 2023 ni mfano safi. Kwa dola 480 bila lenzi, mnunuzi alipata sensa ya megapikseli 24 na mlango wa lenzi za RF, lakini kioo cha nyuma hakigeuki na hakishiki mguso wa kidole, mwaka ambao simu janja ya bei ya chini kabisa ilikuwa inashika. Si kwamba kioo cha mguso ni ghali kiasi hicho. Kimeondolewa ili anayekitaka apande daraja.

Kituko kikubwa zaidi kilitokea 2025. Vijana wa Tokyo, London na New York walikuwa wameanza kuzisaka kamera ndogo za zamani kwa sababu picha zake hazifanani na za simu: mwanga wa flashi usoni, rangi zilizokolea, ngozi isiyolainishwa. Canon wakaitoa upya PowerShot ELPH 360 HS, kamera waliyoizindua 2016 kwa dola 210, wakaiongezea herufi A mwishoni mwa jina, wakabadilisha kadi ya kawaida kuwa ile ndogo ya simu, wakapunguza baadhi ya mambo ya waifai, wakaiuza karibu dola 380. Sensa ileile ya megapikseli 20. Hakuna mbashiri makini ambaye angethubutu kuandika kwamba kamera ya miaka tisa iliyopita itarudi ikiwa pungufu na ghali zaidi. Angechekwa kuliko waliotabiri 8K.

Bei hushuka pia, mara mojamoja. Hasselblad X2D 100C ilitoka 2022 kwa dola 8,199. Toleo la pili la Agosti 2025, lenye mfumo bora zaidi wa kutafuta fokasi, liliuzwa 7,399. Hiyo ni bei ya gari dogo lililotumika, kwa hiyo haiwahusu wengi, lakini inaonyesha kwamba kiwanda kikitaka kinaweza.

La Nikon ZR lina uzito zaidi kwa soko letu. Mwaka 2022 RED, kampuni ya Marekani ya kamera za sinema, iliwashtaki Nikon kuhusu hataza za kubana video ghafi. Kesi ikafutwa mwaka uliofuata. Machi 2024 Nikon wakatangaza kuinunua RED yenyewe. Kuanzia siku hiyo kila mtu alijua kwamba video ya RED itaingia kwenye kamera za Nikon. Swali lilikuwa lini na kwa kiasi gani. Jibu likaja Septemba 2025: ZR, yenye fremu kamili, kioo kikubwa cha inchi nne nyuma, na video ghafi ya RED ndani, kwa dola 2,200. Hiyo ni chini ya bei ya uzinduzi ya Nikon Z6III. Kwa waongozaji wa video za muziki Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ambao kwao kamera ya RED ilikuwa kitu cha kukodi kwa siku moja, sifa hiyo moja ilifuta pengo ambalo miaka kumi nyuma lilikuwa la makumi ya maelfu ya dola.

Na kuna kamera zilizotangazwa zikiwa na sifa, bei na picha zake rasmi, lakini hazikufika. Februari 2016 Nikon walitambulisha kamera tatu ndogo za DL, kuanzia dola 649 hadi 999. Miezi miwili baadaye Nikon wakaripoti hitilafu kwenye chipu zake za kuchakata picha. Uzinduzi ukaahirishwa, na Februari 2017 Nikon wakazifuta zote tatu.

Hata kamera ikifika sokoni, bei inayotangazwa Marekani haina kodi ya mauzo ndani yake. Mnunuzi wa Afrika Mashariki anapoiona A7 V kwa dola 2,900 na kuzidisha kwa shilingi 2,500 za Tanzania, anapata 7,250,000 na kudhani ameshajua. Akiongeza VAT ya Tanzania Bara peke yake, asilimia 18, anafika 8,555,000. Kenya, kwa shilingi 129 kwa dola na VAT ya asilimia 16, ni kama 434,000. Hapo hatujagusa ushuru wa forodha, usafiri, bima wala faida ya mwenye duka. Ndiyo maana mzigo mwingi hupitia Dubai, na ndiyo maana kamera ileile huweza kuwa na bei tatu kwenye maduka matatu ya Kariakoo au Moi Avenue. Swali la kuuliza dukani ni warranti: ni ya wakala wa hapa, ni ya kimataifa, au ni ya neno la muuzaji?

Kwa wengi tetesi za kamera mpya zina faida nyingine, ingawa hawana mpango wa kuinunua hiyo mpya. Kamera ikikaribia kutoka, wenye pesa huanza kuuza ya zamani, na kamera iliyotumika ndiyo uti wa mgongo wa studio nyingi za hapa. Canon 5D Mark III ya 2012 bado inapiga harusi na mahafali. Anayenunua bodi kama hiyo huuliza kwanza shata imepiga mara ngapi, kwa kuwa Canon waliijenga ihimili kama mara 150,000, na mpiga harusi mwenye bidii anaweza kumaliza mara elfu tatu katika Jumamosi moja. Kwenye Nikon nyingi hesabu hiyo imeandikwa ndani ya faili la kila picha, unaisoma kwa kompyuta au simu. Kwenye Canon mara nyingi inabidi uichomeke kamera kwenye kompyuta yenye programu maalumu, na muuzaji asiyetaka ujue atakuwa na haraka siku hiyo.

Swali hilo nalo linakaribia kupoteza maana. Z9 na mdogo wake Z8 ya 2023 hazina shata ya chuma, hivyo hakuna cha kuhesabu kwa namna ile. Zitakapoanza kufika kwa wingi zikiwa zimetumika, mnunuzi atapaswa kutazama vingine: vumbi kwenye sensa, milango ya HDMI iliyolegea, kioo cha nyuma, afya ya betri.

Lenzi pia huwa haimo kwenye mijadala ya bei ya kamera zijazo, na hilo ni kosa la wabashiri karibu wote. Lenzi ya Canon ya RF 50mm f/1.8 ilitoka kwa dola 200. RF 24-70mm f/2.8, ambayo ndiyo farasi wa kazi, kwa dola 2,300. Mwenye lenzi za zamani za EF, mfumo ulioanza 1987, anaweza kuvuka na adapta ambayo Canon waliizindua kwa dola 100 tu. Kwa studio yenye lenzi nne za EF kabatini, adapta hiyo ina maana kubwa kuliko tofauti ya dola 400 kati ya bodi mbili.

Kuhusu kinachokuja, dau linaweza kuwekwa bila woga mkubwa. Sensa inayosoma picha nzima kwa mpigo mmoja, ambayo Sony waliiweka kwenye A9 III mwishoni mwa 2023 kwa dola 6,000, itaendelea kukaa juu kwa muda; zile za kasi ya kati, kama ya Z6III, ndizo zitakazoenea kwenye daraja la harusi na video. Alama za kuthibitisha kwamba picha imetoka kwenye kamera na si kwenye kompyuta, zilizoanza na Leica M11-P mwaka 2023, zitashuka hadi kamera za kawaida kwa sababu vyumba vya habari vitazidai. A7 inayofuata, kwa mwendo wa nyuma, ni ya 2029 au karibu yake, na itavuka dola 3,000. Kabla ya Olimpiki ya Los Angeles 2028, Canon, Nikon na Sony watataka kuonekana pembeni mwa uwanja na kamera kinara mpya, nazo zitakuwa kati ya dola 6,000 na 7,000. Mmoja akishuka chini ya hapo, weka fedha yako kwa Nikon.